Notisi Isiyo na Jina: Historia ya Ilani za Kufyeka Magugu na Kuondoa Taka Jijini Kampala, kwa Kurejelea Mtaa wa Namuwongo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya notisi ambayo mamlaka ya mji humpa mwenye ardhi au mkaaji ili afyeke magugu na kuondoa taka. Uchunguzi unarejelea mtaa wa Namuwongo, Divisheni ya Makindye, jijini Kampala. Muundo wa notisi hiyo unafuatiliwa kutoka Sheria ya Afya ya Umma ya Uingereza ya mwaka 1875, kupitia Kenya (1921) na Uganda (1935), hadi zama za Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala (KCCA). Hoja kuu ni kwamba notisi ilitungwa kwa kudhani kuwa kila kipande cha ardhi kina mtu mmoja anayejulikana, anayeielewa lugha ya notisi, na mwenye uwezo wa kutekeleza agizo. Namuwongo dhana zote tatu hutetereka, na mzigo wa agizo humwangukia yule aliye karibu na mlango. Makala yanahitimisha kuwa kuitafsiri notisi kwa Kiswahili ni hatua ya lazima, lakini haitoshi bila kumbainisha mlengwa na mahali pa kupeleka taka.

1. Utangulizi

Namuwongo iko kusini-mashariki mwa kitovu cha Kampala, kati ya Eneo la Viwanda na miteremko ya kilima cha Muyenga. Reli iendayo Port Bell inapita mtaani humo. Upande wa chini kuna mfereji wa Nakivubo, unaochukua maji ya mvua na maji machafu kutoka katikati ya jiji na kuyapeleka katika kinamasi cha Nakivubo, kisha katika Ghuba ya Ndani ya Murchison, Ziwa Viktoria. Juu ya kilima kuna nyumba zenye kuta, malango na hati. Chini, kando ya reli na kinamasi, kuna safu za vyumba vya kupanga ambavyo watu wa Kampala huviita mizigo.

Sheria inayosimamia usafi wa maeneo haya mawili ni moja, na fomu ya notisi anayoibeba afisa wa afya ni moja. Hata hivyo, karatasi hiyo ikipandishwa Muyenga haifanyi kazi ileile inayoifanya ikishushwa kando ya reli. Muyenga humkuta mwenye mali, ambaye huajiri mtu wa kufyeka na kulipia gari la taka. Kando ya reli humkuta mpangaji, mara nyingi mama aliye nyumbani mchana, ambaye hana mamlaka juu ya ukuta, choo, mtaro wala uwanja ulio mbele ya chumba chake.

Makala haya yanauliza maswali matatu. Notisi hii ilitoka wapi? Ilikusudiwa kumfikia nani? Na lugha yake ina nafasi gani katika kufaulu au kushindwa kwake? Maswali haya yanawahusu wanaisimu kwa kiasi kilekile yanavyowahusu wapangaji miji, kwa sababu notisi ni matini kabla ya kuwa tendo la utawala. Ina mtoaji, mlengwa, ujumbe, muda na tishio. Ikikosea mlengwa, sehemu nyingine zote hukosea pamoja nayo.

2. Asili ya notisi: kutoka 1875 hadi 1935

Sheria ya Afya ya Umma ya Uingereza ya mwaka 1875 ilitungwa kwa ajili ya miji ya viwanda iliyokuwa imekumbwa na kipindupindu mara kadhaa katika karne hiyo. Iliweka utaratibu wa hatua kwa hatua. Mamlaka ya eneo ikiridhika kuwa kuna udhia, yaani hali inayohatarisha au kudhuru afya, humpa notisi aliyeusababisha. Asipopatikana, notisi humwendea mmiliki au mkaaji wa mahali hapo. Kasoro ikiwa ya ujenzi, au jengo likiwa halina mtu, notisi ni ya mmiliki. Na ikiwa msababishi hapatikani, huku ikiwa wazi kwamba udhia hautokani na tendo, uzembe wala ridhaa ya mmiliki au mkaaji, mamlaka yenyewe ndiyo huuondoa.

Sheria hiyo iliruhusu pia jambo lililokuwa na matokeo makubwa baadaye: notisi haikulazimika kutaja jina. Ilitosha kuandika “mmiliki” au “mkaaji” wa mahali fulani, na ikibidi, kuibandika mahali panapoonekana. Katika mji wenye rejista za kodi na namba za nyumba, kutotaja jina hakukuwa na madhara makubwa, kwa kuwa jina lilipatikana kwa kufungua kitabu cha halmashauri.

Utaratibu huo ulisafiri. Kenya iliuingiza katika sheria yake ya afya ya umma ya mwaka 1921, na Uganda ikafuata mwaka 1935. Sheria hizi za Afrika Mashariki ziliongeza sehemu iliyotokana na mazingira ya kitropiki, yaani kuzuia mbu. Mwenye uwanja aliagizwa kuondoa chupa, makopo na vyombo vinavyotuamisha maji, na kutoacha vichaka au majani marefu yanayoweza kuwapa mbu maficho. Ronald Ross alikuwa amethibitisha mwaka 1897, akiwa India, kwamba mbu hubeba vimelea vya malaria. Viluwiluwi wa mbu huishi majini, wala si katika nyasi. Nyasi huwapa mbu wakubwa kivuli cha kupumzikia. Hata hivyo, katika mazoea ya utawala, kufyeka kulionekana kwa macho upesi kuliko kukausha dimbwi. Uwanja uliofyekwa ukawa alama ya utiifu.

Uganda ilikuwa na sababu yake ya pekee ya kuogopa vichaka. Ugonjwa wa malale uliozuka mwanzoni mwa karne ya 20 kandokando ya Ziwa Viktoria uliua watu zaidi ya 200,000. Hesketh Bell, aliyeongoza utawala wa Uganda kuanzia 1906, aliamuru watu wahamishwe kutoka ufukweni, na vivuko vilivyoendelea kutumika vikafyekwa vichaka ili kuwanyima mbung’o makazi. Kwa kizazi hicho, agizo la kufyeka na agizo la kuhama vilitoka katika kinywa kimoja. Uhusiano huo haukukatika baadaye, kama itakavyoonekana.

3. Mpaka wa mji, mpaka wa notisi

Kampala ya kikoloni ilikuwa miji miwili iliyopakana. Upande mmoja palikuwa na mji wa serikali ya kikoloni. Upande wa pili palikuwa na Kibuga, makao makuu ya Buganda yaliyozunguka Mengo, chini ya serikali ya Kabaka. Mtaalamu wa afya W. J. Simpson, aliyezuru Afrika Mashariki mnamo 1913 na 1914, alipendekeza makazi yatenganishwe kwa misingi ya rangi, huku ukanda usiojengwa ukiachwa katikati. Pendekezo hilo lilikuwa na maana ya kiutawala pia. Usafi ungesimamiwa kwa ukali ndani ya mji wa serikali, na nje ya ukanda ungeachwa kwa mamlaka nyingine.

Hivyo, kwa miongo kadhaa, notisi ya afisa wa afya wa mji ilikuwa na nguvu kamili hadi mpakani. Ng’ambo ya mpaka usafi ulitegemea machifu wa Buganda na desturi ya bulungi bwansi, kazi ya pamoja ya kusafisha barabara na visima kwa manufaa ya nchi. Desturi hiyo haikuandikiwa mtu mmoja barua. Iliita kijiji kizima kwa ngoma, na asiyefika alijulikana na jirani zake. Kulikuwa basi na njia mbili za kuarifu. Moja ilikuwa ya maandishi na ya mtu binafsi, na nyingine ya sauti na ya umma.

Kampala ilipata hadhi ya manispaa mwaka 1949 na ya jiji mwaka 1962. Baada ya serikali za kifalme kufutwa mwaka 1967, mipaka ya jiji ilipanuliwa na maeneo ya Kibuga yakaingizwa ndani. Notisi ya maandishi ikavuka mpaka, lakini rejista za kuisaidia zilibaki nyuma. Jiji lilirithi ardhi ambayo umiliki wake haukufanana na ule uliodhaniwa na watunga sheria wa 1875.

4. Ni nani “mwenye” ardhi?

Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliunda ardhi ya mailo, iliyogawiwa Kabaka, machifu na watu mashuhuri. Waliokuwa wakiishi na kulima juu yake walibaki kama wenye vibanja, na sheria ya busuulu na envujjo ya miaka ya 1920 iliwawekea kiwango cha malipo na kinga dhidi ya kufukuzwa ovyo. Mwaka 1975 serikali ya Idi Amin ilitangaza ardhi yote kuwa ya umma. Katiba ya 1995 ilirudisha umiliki kwa raia chini ya mifumo minne: wa kimila, wa umilikaji huru, wa mailo, na wa ukodishaji. Sheria ya Ardhi ya 1998 iliwatambua tena wakaaji halali na wakaaji kwa nia njema.

Kwa hiyo kipande kimoja cha ardhi jijini Kampala kinaweza kuwa na watu wanne wanaostahili kuitwa “mwenye” kwa maana tofauti: mwenye hati ya mailo, ambaye huenda anaishi mbali, mwenye kibanja, aliyejenga vyumba, na mpangaji anayelipa kodi kila mwezi. Kando ya reli ya Namuwongo huongezeka wa tano, yaani shirika la reli lenye hifadhi yake. Na kinamasini huongezeka mamlaka ya mazingira. Sheria inaposema notisi apewe mkaaji au mmiliki, afisa anayeshuka Namuwongo ana orodha ya watu sita mbele yake na muda wa kumtafuta mmoja tu.

Hapa isimu ina la kusema. Neno la Kiswahili mwenye halina ukali wa kisheria ulio katika mmiliki. Mwenye nyumba anaweza kuwa aliyeijenga, anayepokea kodi, au hata anayeishi humo. Mtego mkubwa zaidi uko katika neno kiwanja. Kiwanja cha Kiswahili na kibanja cha Kiganda ni maneno ya mzizi mmoja, lakini yamechukua njia tofauti. Kiwanja ni eneo lililopimwa au lililo tayari kujengwa, na mwenye kiwanja kwa msomaji wa Dar es Salaam ni mwenye hati. Kibanja ni haki ya kukaa juu ya ardhi ambayo hati yake ni ya mtu mwingine. Mfasiri akiandika “mwenye kiwanja anatakiwa kufyeka magugu”, msomaji wa Namuwongo anaweza kuelewa kwamba agizo linamhusu mwenye kibanja peke yake, na kwamba mwenye hati ameachwa huru. Tafsiri iliyo sahihi katika kamusi inaweza kuhamisha wajibu wa kisheria kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine.

Katika utekelezaji, matokeo ni ya namna moja. Notisi isiyo na jina humpata aliyepo, na aliyepo ni mpangaji. Sheria ilipanga kasoro za ujenzi zimwendee mmiliki. Choo kilichofurika na mtaro usiojengewa ni kasoro za ujenzi, lakini karatasi ikibandikwa mlangoni, anayeisoma ni yule asiyeruhusiwa hata kugonga msumari bila idhini.

5. Taka za nani?

Swali la pili linahusu taka zenyewe. Notisi huagiza “kuondoa”, na kitenzi hicho kinahitaji mahali. Agizo la Halmashauri ya Jiji la Kampala kuhusu taka ngumu la mwaka 2000 liliwataka wakaaji na wamiliki kuhifadhi taka ipasavyo na likakataza kuzitupa ovyo, huku kampuni binafsi zikipewa nafasi katika ukusanyaji. KCCA ilianza kazi mwaka 2011, chini ya sheria ya jiji kuu ya 2010, na ikaendeleza ubia huo. Lakini gari la taka hupita penye barabara. Mitaa ya chini ya Namuwongo ina vijia, na kasasiro, kama taka zinavyoitwa kwa Kiganda, hubebwa kichwani au kwa toroli hadi gari lilipo, au hutupwa penye mfereji.

Mfereji nao huleta taka. Maji ya Nakivubo yanateremka kutoka masoko, vituo vya mabasi, karakana na viwanda kabla hayajafika Namuwongo. Mvua kubwa inaponyesha, mfereji hufurika na kuacha plastiki na tope katika nyua za watu ambao hawakuzitupa. Mlipuko wa kipindupindu wa 1997 na 1998, ulioandamana na mvua za El Niño, uliathiri zaidi makazi ya watu wa kipato cha chini yaliyo mabondeni. Kinachotuama Namuwongo hakiishii Namuwongo: maji yanayopita kinamasini huingia katika ghuba ileile ambayo mitambo ya Ggaba huchota maji ya kusafishwa kwa ajili ya jiji.

Hapa ndipo lile sharti la mwisho la sheria ya zamani linapopata uzito. Sheria haikuwahi kudai kwamba kila takataka iliyo uani ni kosa la mwenye ua. Msababishi asipojulikana, na mkaaji na mmiliki wakiwa hawana hatia, kuondoa udhia ni kazi ya mamlaka. Taka zinazoletwa na mafuriko ya Nakivubo zinaingia katika sharti hilo bila kulazimisha maana. Lakini fomu ya notisi haina nafasi ya kuandika kwamba uchafu umetoka juu. Ina nafasi ya mahali, siku na adhabu. Fomu imekula nusu ya sheria.

Maporomoko ya dampo la Kiteezi, tarehe 10 Agosti 2024, yalionyesha mwisho wa mnyororo huu. Dampo hilo, lililofunguliwa mwaka 1996 kaskazini mwa jiji, liliporomoka baada ya mvua kubwa na kuua watu wasiopungua 35. Kwa miaka 28, kila notisi ya Kampala iliyosema “ondoa” ilimaanisha, kwa vitendo, “peleka Kiteezi”. Dampo lilipoanguka, swali ambalo wakaaji wa mabondeni walikuwa wakilijua siku zote likawa swali la jiji zima: taka zikiondolewa hapa, zinakwenda wapi?

6. Lugha ya notisi

Notisi za Kampala huandikwa kwa kawaida kwa Kiingereza, lugha rasmi ya serikali. Maelezo ya mdomo hutolewa kwa Kiganda na mwenyekiti wa LC1, ngazi ya chini ya utawala iliyokua kutokana na mabaraza yaliyoanzishwa baada ya 1986. Namuwongo ina wakazi wa pande nyingi za Uganda, wakiwamo waliokimbia vita vya kaskazini, na wengine kutoka nchi jirani. Kwa baadhi yao Kiganda ni lugha ya sokoni tu, na Kiswahili ndicho walichokuja nacho. Katiba, katika marekebisho ya mwaka 2005, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, kwa matumizi yatakayoainishwa na Bunge. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha hatua za kukiimarisha, hasa mashuleni. Njia ya kisheria ya kuwa na notisi ya Kiswahili imefunguliwa.

Hata hivyo, historia inaonya. Gavana Gowers alipotaka Kiswahili kipanuliwe mwaka 1927, Kabaka Daudi Chwa alipinga vikali. Baadaye Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi za jeshi na polisi, na Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, tangazo lenyewe lilikuwa amri. Mwaka huohuo, Tanzania iliendesha kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, iliyowafikia takribani watu milioni 2 kupitia vikundi vya kujifunza. Kampeni hiyo nayo ilihimiza kufyeka majani kuzunguka nyumba, kuondoa maji yaliyotuama na kuchimba vyoo. Tofauti ilikuwa katika mpangilio wa maneno: sababu ilitangulia, kazi ikafuata, na wasikilizaji walijadiliana kabla ya kushika jembe. Katika mwaka mmoja lugha moja ilitumika kuamrisha upande mmoja na kufundisha upande mwingine. Mkaaji wa Kampala mwenye umri mkubwa anaweza kukisikia Kiswahili cha karatasi ya serikali kama sauti ya askari. Mtindo wa notisi, basi, una uzito sawa na uteuzi wa lugha.

Kuna pia notisi isiyo na lugha kabisa, nayo ni alama ya X nyekundu ukutani, inayojulikana Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Mnamo Julai 2014 nyumba na vibanda vilivyokuwa ndani ya hifadhi ya reli Kampala vilibomolewa, Namuwongo ikiwamo. Kwa aliyewahi kuona matukio kama hayo, karatasi yoyote inayobandikwa mlangoni, hata ikiwa ya magugu tu, husomwa kwa hofu ya kuondolewa. Amri ya kusafisha uchafu na amri ya kusafisha watu zinapokuja kwa sura moja, mkaaji hawezi kuzitenganisha, na asiye na uhakika wa kubaki hana sababu ya kugharimia mtaro.

7. Hitimisho na mapendekezo

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha kwamba kasoro ya notisi ya usafi haikuanzia Namuwongo. Ilianza pale matini iliyotungwa kwa ajili ya mji wenye rejista ilipohamishiwa katika mji wenye tabaka za haki juu ya ardhi moja, kisha ikafupishwa kuwa fomu iliyoacha nje kinga zilizomo ndani ya sheria yenyewe. Ibara ya 39 ya Katiba inampa kila Mganda haki ya mazingira safi, na Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu anapofika mbele ya mamlaka ya utawala. Notisi ni mahali haki hizo mbili zinapokutana.

Kwanza, fomu itaje nafasi ya mlengwa: mwenye hati, mwenye kibanja, mwenye vyumba, au mpangaji. Istilahi za Kiganda na za Kiswahili zilinganishwe na wanaisimu na wanasheria kwa pamoja, na neno kiwanja lisitumike bila ufafanuzi. Kasoro ya ujenzi isipelekwe kwa mpangaji peke yake. Pili, fomu iwe na sehemu ya chanzo cha uchafu, ili taka za mafuriko zitambuliwe kuwa jukumu la mamlaka. Tatu, itaje mahali pa kupeleka taka na siku ya gari. Agizo lisilotaja mahali lisihesabiwe kuwa limekamilika. Nne, iandikwe kwa Kiingereza, Kiganda na Kiswahili, sababu ikitangulia amri, kisha isomwe hadharani na mwenyekiti wa LC1. Tano, notisi ya usafi itofautiane kwa sura na kwa rangi na notisi ya kuhamishwa.

Inaweza kupingwa kwamba utaratibu huu utachelewesha hatua wakati wa kipindupindu. Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake limo katika sheria ya zamani: penye dharura mamlaka iondoe uchafu kwanza, kisha imtafute anayestahili kulipa. Anayestahili huyo mara nyingi hayuko Namuwongo. Kumtafuta ni kazi ngumu kuliko kubandika karatasi kwenye mlango wa aliyepo, na kwa miaka mingi ugumu huo ameubebeshwa mpangaji.